MGENI TUMEMPA JEMBE, MBONA TUNAMNYIMA CHETI?

Wahenga walituachia neno ambalo kila mtoto wa nchi hii analijua: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika wilaya za Mbulu na Hanang neno hilo halikubaki mdomoni. Mgeni amepewa jembe, naye amelima. Amelima shayiri na maharage, amechunga, amefundisha, amejenga, ameuguza wagonjwa, ameoa au ameolewa, amezika na kuzikiwa. Miaka kumi ikapita, ishirini ikapita. Lakini siku alipokwenda ofisini kuomba aitwe raia, aliambiwa asubiri, na alipouliza asubiri hadi lini, hakuna aliyemjibu.

Kisha mwaka 2020 ukaja ugonjwa wa Korona. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba utaratibu wetu wa kuomba uraia umejengwa juu ya dhana moja yenye hatari: kwamba muda ni mali ya ofisi, wala si mali ya mwombaji. Ofisi ikichelewa, anayelipa ni mwombaji. Mpaka ukifungwa, anayelipa ni yeye. Mume akifariki dunia wakati faili limelala, anayelipa ni mjane. Dhana hiyo si ya haki, nasi hatuna budi kuipinga waziwazi, kwa sababu maradhi ya mlipuko hayajatuaga.

Kwanza yafaa tukumbushane sisi ni nani katika nchi hiyo ya nyanda za juu iliyo kando ya Bonde la Ufa. Wahadzabe wa Bonde la Yaeda wana haki ya kutuita sote wageni. Wairaqw, wenye lugha ya Kikushi, wana masimulizi ya safari ndefu za wazee wao kabla ya kutua Mama Isara na kutawanyika kuelekea pande zote. Wadatoga, ambao miongoni mwao wamo Wabarabaig wa Hanang, walishuka na ng'ombe wao kutoka kaskazini. Wanyiramba, Wanyaturu na Warangi nao walipanda kutoka upande wao. Wote walikutana chini ya Mlima Hanang, wakagombana, wakapatana, wakaoana. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeingia akiwa na cheti.

Baadaye wakaja wengine. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Norway walijenga hospitali Haydom, ikafunguliwa mwaka 1955, na hadi leo wagonjwa hutoka wilaya za mbali kwenda kutibiwa huko. Miaka ya 1970 wataalamu kutoka Kanada walikaribishwa Hanang kusaidia mashamba makubwa ya ngano ya Shirika la NAFCO. Wakubwa hao walipokelewa kwa heshima, na karatasi zao zilishughulikiwa na watu wa ngazi za juu. Makala haya hayawahusu wao. Yanamhusu mgeni kabwela: fundi, mchuuzi wa mnadani, kibarua, mke aliyevuka mpaka kumfuata mumewe. Huyo hana wa kumshughulikia. Ana miguu yake, nauli yake na bahasha yake ya karatasi.

Sheria inamtaka nini? Sheria ya Uraia Na. 6 ya mwaka 1995 inasema kwamba mgeni anayeomba uraia wa tajnisi awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe amekaa humu jumla ya miaka isiyopungua 7. Awe anajua Kiswahili au Kiingereza, awe na mwenendo mwema, awe na mchango katika maendeleo ya nchi, na awe na nia ya kuishi humu. Hakuna mzalendo atakayeyapinga masharti hayo. Nchi isiyochagua raia wake ni nyumba isiyo na mlango.

Shida iko katika njia ya kuupata huo mlango. Ombi huanzia kwa uongozi wa kijiji na kata, likaenda kwa Maofisa Uhamiaji, likapimwa na Kamati za Ulinzi na Usalama, likapanda hadi makao makuu, na mwisho likafika mezani kwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Mwombaji hutakiwa pia kutangaza nia yake gazetini, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Nalo ni gazeti ambalo vijiji vingi vya Yaeda huliona likiwa limefungiwa sukari. Na kwa kuwa sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili, mwombaji hana budi kuukana uraia wa kwao, na uthibitisho wa kuukana hutoka kwa serikali ya kwao. Kwa hiyo faili moja hutembea katika nchi mbili. Likikwama katika nchi moja, limekwama kote.

Tuutazame sasa mwaka 2020. Mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini alitangazwa tarehe 16 Machi, naye alikuwa amepokelewa Arusha, mji ambao watu wa Mbulu na Hanang huuendea kwa biashara na matibabu. Siku iliyofuata shule zikaanza kufungwa. Tarehe 11 Aprili ndege za abiria za kimataifa zikasimamishwa, zikaruhusiwa tena tarehe 18 Mei. Tarehe 16 Mei Kenya ikafunga mpaka wake na nchi yetu kwa watu, ikaacha njia kwa mizigo tu. Balozi nyingi, humu na ng'ambo, zilipunguza huduma. Serikali yetu haikuwafungia watu ndani, na ofisi hazikufungwa. Lakini wananchi waliambiwa waepuke misongamano, wanawe mikono, wavae barakoa.

Tuseme yupo fundi mmoja, Mkenya, anayetengeneza matrekta Basotu tangu mwaka 2009. Miezi yake 12 mfululizo inakaribia kutimia. Mwezi Machi 2020 anapata habari kwamba baba yake ni mahututi, anavuka Namanga kwenda kumwona, anamzika, na kabla ya kumaliza matanga mpaka unafungwa nyuma yake. Anarudi baada ya miezi kadhaa. Je, miezi yake 12 ni mfululizo? Sheria ikisomwa kama inavyosomwa na karani mwenye moyo mgumu, jibu ni hapana: rudi ukaanze upya. Kosa lake ni kumzika baba yake. Hakuna kabila hata moja katika Mkoa wa Manyara ambalo lingemhesabu kuwa mtu mwenye mwenendo mwema kama angekataa kwenda.

Tuseme tena yupo mama mmoja kutoka ng'ambo ya mpaka, ameolewa Endasak, ana watoto wanne waliozaliwa hapo. Yeye hahitaji kungoja miaka 7, kwa sababu sheria inampa mwanamke mgeni aliyeolewa na raia haki ya kuomba uraia. Lakini haki hiyo imefungwa kwa kamba nyembamba sana: sheria inasema aombe wakati wowote wa uhai wa mumewe. Mama huyu alianza kukusanya karatasi mwaka 2019. Cheti chake cha kuzaliwa kiko kwao, na mwaka 2020 hakuna wa kukileta. Mwaka 2021 mumewe anaugua kifua, anafariki. Mlango uliokuwa wazi jana umefungwa leo, si kwa sababu mama amebadilika, bali kwa sababu amefiwa. Sasa atahesabiwa kama mgeni mwingine yeyote. Tena, kwa kuwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haimruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, shamba alilolilima kwa mikono yake kwa miaka 15 analitazama kama mpita njia. Akitokea shemeji mwenye tamaa, mama huyo atasimama mbele ya baraza akiwa na neno lake tu.

Hapo ndipo unapoonekana uzito wa jambo hili. Wakati wa amani kuchelewa ni usumbufu. Wakati wa maradhi kuchelewa ni hukumu, kwa sababu haki imefungwa kwenye pumzi ya mtu, na pumzi hiyo hiyo ndiyo inayowindwa na ugonjwa. Ofisi inayosema "njoo mwezi ujao" wakati wa janga inapaswa kujua kwamba huenda mwezi ujao ikawa inazungumza na mjane.

Na tusiache kulitaja hili: mwanamume mgeni aliyeoa binti wa Hanang hapewi na sheria hiyo njia anayopewa mwanamke mgeni aliyeolewa na kijana wa Hanang. Binti zetu wanalipa kodi sawa na kaka zao, wanapiga kura sawa, wanalima kuliko kaka zao. Iweje ndoa ya kaka ifungue mlango, na ndoa ya dada isifungue?

Yapo maneno ambayo husemwa kila jambo hili linapotajwa, na ni vema yajibiwe moja baada ya jingine.

La kwanza ni kwamba Korona ilikuwa janga la dunia, hivyo hakuna wa kulaumiwa. Ni kweli kwamba hakuna aliyeuleta ugonjwa kwa barua. Lakini dunia hiyohiyo iliyopatwa na janga haikukaa ikikunja mikono. Mwezi Machi 2020 Ureno iliamua kwamba wageni waliokuwa wameomba ukaazi na hawajajibiwa wahesabiwe kuwa wakaazi halali hadi Julai mosi, ili wasikose matibabu kwa sababu ya faili. Marekani ilifunga ofisi zake za uhamiaji kwa umma tarehe 18 Machi 2020, ikaanza kuzifungua tarehe 4 Juni, na huko Detroit watu waliapishwa uraia wakiwa wameketi ndani ya magari yao. Na kama mtu atasema hizo ni nchi tajiri, basi atazame jirani. Tarehe 12 Desemba 2020, ugonjwa ukiwa bado unatamba, Rais wa Kenya alitangaza kutambuliwa uraia wa Washona 1,670 pamoja na watu 1,300 wenye asili ya Rwanda, ambao waliishi humo kwa miongo mingi bila kuwa raia wa popote. Miaka minne kabla yake, mwaka 2016, Wamakonde wa Kwale walikuwa wamekwenda Nairobi kudai haki hiyo hiyo, nao wakaipata. Nia ikiwapo, hata katika janga kalamu huandika.

La pili ni kwamba nchi yetu haina uwezo wa kushughulikia watu wengi. Hilo ni kujidharau. Wakimbizi wa Burundi walioingia mwaka 1972 na kukaa Katumba, Mishamo na Ulyankulu walifikiwa kwenye makazi yao, wakaulizwa wanachotaka, na mwaka 2010 maombi ya watu 162,156 yalikubaliwa. Ni mataifa machache duniani yaliyowahi kufanya jambo kama hilo, nasi tunajivunia. Lakini hata hapo muda ulidharauliwa, kwa maana vyeti vilianza kutolewa mwaka 2014. Kwa miaka minne watu wale walikuwa si Warundi tena, wala hawajashika karatasi ya Utanzania. Kwa hiyo uwezo tunao wa kwenda kijijini na kuwaandikisha watu kwa maelfu. Tulichokosa ni nidhamu ya kumaliza tulichokianza.

La tatu, na hili ndilo zito, ni usalama. Husemwa kwamba uraia ukitolewa ovyo, maadui watapenya. Hatukubishani. Lakini adui mwenye fedha hasubiri kwenye benchi la Babati. Hutafuta karatasi ya kughushi akapita. Anayesubiri kwenye benchi ni yule aliyetii sheria, akatoka Katesh kilometa 75 hivi, au akatoka Haydom alfajiri kwa gari la abiria akibadilisha njiani. Utaratibu unaomchosha mtiifu hauzuii mhalifu; unamfundisha mtiifu kwamba njia ya panya ni fupi zaidi. Kuhusu mwenendo wa mtu, hakuna kamati iliyo na habari kuliko kijiji. Wanaojua kama fundi wa Basotu ni mwizi au ni mwungwana ni wale aliowatengenezea matrekta. Mkutano mkuu wa kijiji ungepewa siku moja ya kusema juu yake, ungesema kweli mchana kutwa.

La nne husemwa kwa sauti ya chini: kwamba wananchi wenyewe hawajamaliziwa vitambulisho, seuze wageni. Wanaosema hivyo wanatumia njaa ya ndugu mmoja kuhalalisha njaa ya mwingine. Na watu wa Hanang wana sababu ya pekee ya kuikataa hoja hiyo, maana wao wenyewe wamewahi kuombwa uthibitisho kwamba ni wa hapo. Wanakijiji wa Mulbadaw walipolishitaki Shirika la NAFCO kwa ajili ya ardhi iliyochukuliwa kuwa mashamba ya ngano, Mahakama Kuu iliwapa ushindi. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, na moja ya sababu ilikuwa kwamba wadai hawakuthibitisha kuwa wao ni "wenyeji" kwa maana ya sheria ya ardhi ya wakati ule. Watu ambao makaburi ya wazee wao yalikuwa ndani ya mashamba yale waliambiwa hawakuthibitisha wenyeji wao! Aliyeonja uchungu huo hawezi kumcheka mwingine anayeunywa. Serikali ikizoea kumdai mnyonge mmoja uthibitisho usiokwisha, kesho itamdai mnyonge wa pili.

Tukumbuke pia tulikotoka. Mwezi Oktoba 1961, uhuru ukiwa mlangoni, walikuwapo wabunge waliotaka uraia wa Tanganyika uende kwa rangi ya ngozi. Mwalimu Nyerere alisimama akaipinga hoja hiyo kwa ukali, akasema uraia ni utii kwa nchi, akaonyesha kwamba Serikali yake ilikuwa tayari kujiuzulu kuliko kuikubali. Msingi wetu ulitiwa hapo. Mtu aliyelima na kuzika pamoja nasi, akaapa kuukana uraia wa kwao, ametoa ushahidi wa utii unaozidi ule wa wengi wetu tuliozaliwa humu bila kuulizwa.

Basi tunadai nini? Tunadai mambo matano, na hakuna hata moja linalohitaji mkopo.

Kwanza, muda uliopotea kwa sababu ya maradhi ya mlipuko au kufungwa kwa mipaka usihesabiwe dhidi ya mwombaji. Saa ya sheria isimame mpaka ufungapo, ianze tena mpaka ufunguliwapo. Hilo liandikwe katika sheria, lisiachiwe huruma ya mtu.

Pili, mjane asipoteze haki yake kwa kufiwa. Aliyekuwa na haki ya kuomba siku mumewe alipokuwa hai, aendelee kuwa nayo baada ya mazishi. Na mume mgeni wa binti yetu apewe njia ileile anayopewa mke mgeni wa kijana wetu.

Tatu, ofisi iende kwa watu. Maofisa Uhamiaji wapange siku zinazojulikana za kufika Dongobesh, Haydom, Basotu na Balang'dalalu, kama wafanyavyo wauguzi wa chanjo. Chanjo ya UVIKO-19 ilipozinduliwa Julai 2021 ilipelekwa hadi vijijini. Fomu ni nyepesi kuliko sanduku la barafu.

Nne, kila ombi lipewe tarehe ya kujibiwa, na likikataliwa mwombaji aambiwe sababu. Sheria iliyopo inasema Waziri halazimiki kutoa sababu, na uamuzi wake haukatiwi rufani mahakamani. Kanuni hiyo inamlinda mtendaji mzembe kuliko inavyoilinda nchi, kwa kuwa chini ya kivuli chake faili lililokataliwa na faili lililopotea hufanana.

Tano, nakala ya kila karatasi inayopokelewa itunzwe na kijiji, kata na wilaya. Maporomoko ya tarehe 3 Desemba 2023 kutoka Mlima Hanang yaliyobeba nyumba za Katesh na Gendabi yalitukumbusha kwamba bahasha iliyo chini ya godoro si mahali pa kuhifadhi uhai wa mtu.

Atakayeona haya ni mambo ya zamani, yaliyopita na Korona yake, amekosea. Mbulu ilipambana na tauni mwaka 2007. Kagera ilipatwa na Marburg mwaka 2023, ikapatwa tena mwaka 2025. Ugonjwa utarudi kwa jina jingine, mpaka utafungwa tena, na kwenye benchi atakuwapo fundi mwingine na mama mwingine, bahasha mapajani. Kama hatujairekebisha sheria leo, siku hiyo hatutakuwa na udhuru, kwa maana tutakuwa tumeona.

Wabunge wa Mbulu na Hanang walichukue jambo hili Bungeni. Madiwani walitaje katika mabaraza yao. Wenyeviti wa vijiji waandike majina ya wageni wao wa miaka mingi na kuyapeleka wilayani bila kungoja kuulizwa. Nasi wananchi tuwatolee ushahidi majirani zetu, kama tulivyowakopesha mbegu na wao wakatusaidia kuvuna. Jembe tulilompa mgeni limekwisha makali kwa kulima mashamba yetu. Cheti ni haki yake.